Hati ya Kukiri Kulengwa

Roketi thelathini na sita zilifyatuliwa kukipiga Kilima cha Mbwego. Hakuna hata moja iliyokipiga.

Kilima chenyewe si kitu cha kutafuta kwa tochi. Ukisimama uwanja wa mpira wa Luhembe unakiona. Ukikaa chooni kwa mwenyekiti wa kijiji unakiona pia, maana mlango hauna bawaba. Kipo pale tangu dunia iumbwe na hakijawahi kusogea. Lakini roketi ya kwanza ilitumbukia kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe. Ya pili ilizama katika shamba la mihogo ikanyamaza, na mpaka leo watu wanalima kwa kuizunguka. Ya kumi na moja ilifika angani, ikageuka kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, ikarudi kuanguka nyuma ya gari lililoirusha. Zilizobaki zilitawanyika bonde zima kama kuku waliotishwa. Walikufa watu wawili na punda.

Haya yalitokea katika nchi moja ambayo jina lake limefungiwa kabatini, na mwenye ufunguo yuko safarini. Akirudi tutaambiwa.

Aliyetumwa kwenda kuzihesabu roketi hizo aliitwa Sekulamba. Alikuwa mpima viwanja, mtu wa miaka hamsini kasoro, aliyeacha shule darasa la tano ili ashike ncha ya pili ya futikamba ya mjomba wake. Mjomba alipokufa akabaki na ncha zote mbili. Serikali ilimwazima kutoka ofisi ya ardhi, ikampa kofia ya kijeshi iliyomzidi kichwa, mfuko wa vigingi, na bendera nyekundu mia moja. Kazi yake ilikuwa rahisi: kila roketi ilipoanguka apige kigingi, afunge bendera, apime umbali toka kwenye shabaha, aandike.

Alifanya hivyo siku nne. Akaandika kwa mwandiko wake wa kukandamiza: "Lambo, mita elfu mbili na mia tatu kutoka kilimani. Mihogo, mita elfu tatu mia nane. Choo cha Bibi Nyamwalo, mita elfu nne na ishirini." Mwishoni akaandika, kwa sababu aliona ni jambo la kweli: "Hakuna roketi iliyofika kilimani."

Siku ya tano aliitwa na Kanali Bwigane wa Wizara ya Amani na Silaha Nzito.

Kanali alikuwa mtu mpole. Alimpa kiti, akampa na chai. Taarifa ilikuwa mezani, imewekewa jiwe juu isipeperuke.

"Ndugu mpima," alisema, "hii kazi yako ni nzuri. Namba zimenyooka. Ila umekosea kitu kimoja. Ulipima kutoka wapi?"

"Kutoka kilimani, afande."

"Nani alikwambia shabaha ni kilima?"

Sekulamba alifikiri. "Redio, afande. Na Mheshimiwa Waziri. Na wewe."

"Ndiyo, tulisema. Lakini hiyo ilikuwa kabla hazijaanguka." Kanali alimsogezea sahani ya karanga. "Serikali haikosei shabaha, bwana. Serikali ikirusha, pale inapoanguka ndipo palipokuwa pamelengwa. Sasa wewe unatoka huko na futikamba yako unakuja kutuambia tulilenga choo cha bibi kizee tukakosea kwa kilometa nne. Huoni ni matusi?"

"Choo hakikukosewa, afande. Kilipigwa katikati."

"Ahaa!" Kanali alipiga meza. "Umeanza kuelewa."

Hapo ndipo ilipozaliwa Idara ya Kusahihisha Shabaha, yenye mtumishi mmoja, na mtumishi huyo alikuwa Sekulamba. Idara ilichapisha karatasi ya rangi ya waridi iliyoitwa Hati ya Kukiri Kulengwa. Mwenye mahali roketi ilipoangukia alitakiwa kutia saini, au dole gumba, kukubali kwamba mahali pake palilengwa rasmi na kwamba anaishukuru Wizara kwa umakini wake. Taarifa ile ya kwanza haikutupwa. Kanali aliitia kwenye jalada, kwa sababu Wizara haitupi karatasi.

*

Bibi Nyamwalo alimpokea Sekulamba akiwa amekaa juu ya mawe yaliyokuwa choo.

"Nikiri nini?"

"Kwamba choo kililengwa, bibi."

"Choo changu kilifanya nini?"

"Hawakusema."

"Na punda wa Mbelwa, naye alilengwa?"

"Naye ameshakiriwa. Mbelwa ameweka dole."

Bibi alimtazama kuanzia kofia mpaka viatu. "Mwanangu Sekulamba, nilikukata kitovu mimi. Mikono hii. Ningejua utakuja na karatasi ya rangi ya waridi kuniuliza habari za choo, ningekata pengine."

"Weka tu dole, bibi. Usipoweka wanaandika umekataa kulengwa, na hilo ni kosa jingine."

Aliweka. Akafuta wino kwenye kofia ya Sekulamba, na Sekulamba hakusema kitu. Tangu siku ile alizoea kutosema kitu. Alikwenda nyumba hadi nyumba, akapiga kigingi, akafunga bendera, akachukua dole. Kwenye nyumba mbili alichukua madole ya wajane. Alirudi kwake, akanawa mikono, akala, akalala.

*

Roketi zilirushwa tena mwezi wa pili, thelathini na sita, na mwezi wa tatu, thelathini na sita. Redio ilitangaza kwamba roketi mia moja na nane zimepiga shabaha mia moja na nane, jambo ambalo halijawahi kutokea katika jeshi lolote. Kwa kuwa shabaha zote zilipigwa, kilima kilihesabiwa kuwa kimekombolewa. Kwa kuwa kimekombolewa, kilifutwa kwenye ramani ya vita, na kwa kuwa ramani ilikuwa moja tu, kilifutwa kwenye ramani zote. Waasi waliosemekana kujificha kilimani walishahama mwaka juzi. Walichoka kungoja. Kilimani walibaki nyani.

Mtu pekee aliyezungumza ukweli kuhusu roketi hizo alikuwa Sajini Tindwa, fundi wa mtambo. Yeye na Sekulamba walikula sahani moja mchana, chini ya gari la kurushia, kwa sababu ndipo palipokuwa na kivuli.

Gari lile lilikuwa na mabomba thelathini na sita mgongoni, yamepangwa kama mzinga wa nyuki. Lilinunuliwa kutoka nchi ambayo yenyewe ilishakufa, na kitabu chake kilikuwa cha lugha ambayo mtu wa mwisho kuisoma alistaafu na miwani yake. Matairi ya mbele yalikuwa yamechukuliwa kwenda kufungwa kwenye gari la Waziri, kwa hiyo halikuweza kugeuka. Lilielekea upande mmoja siku zote. Kulikuwa na mkono wa chuma wa kuzungusha mabomba kidogo kushoto na kidogo kulia, basi.

"Hiki kitu hakina macho, kaka Seku," Tindwa alisema akimega ugali. "Hakina macho, hakina masikio, hakina adabu. Ukishakiwasha, kimeondoka. Baruti yenyewe ina umri wa baba yangu. Nyingine inaungua haraka, nyingine inaungua kwa mapozi. Bomba hili limepinda, lile lina kutu. Na hata zingekuwa mpya, hizi ziliundwa kumwagwa juu ya jeshi zima lililotanda uwandani. Hazikuundwa kumtafuta mtu mmoja kwenye kilima kimoja. Halafu kuna ule ambao hatuutaji."

Alimaanisha upepo.

Upepo haukutajwa kwa sababu miaka sita iliyopita, siku ya gwaride la Uhuru, ulimvua Rais kofia mbele ya wageni na kuibiringisha mpaka kwenye miguu ya balozi. Kesho yake Idara ya Hali ya Hewa ilipata barua. Tangu barua hiyo, kila siku, asubuhi na jioni, kwenye sehemu ya upepo iliandikwa: "Hakuna." Askari wa mizinga walipewa taarifa hiyo wapigie hesabu, nao walipigia hesabu hakuna. Na kwa kuwa Waziri alitaka kuwapo kila roketi ziliporushwa, na Waziri hawezi kusimama juani kabla hajala na kupumzika, zilirushwa saa tisa alasiri. Saa tisa alasiri, kiangazi, upepo hushuka kutoka milima ya magharibi na kupuliza bonde zima kuelekea Luhembe. Hata mbuzi wanajua, huupa mgongo.

Sekulamba aliona jambo hili kwenye vigingi. Jioni moja baada ya mrusho wa tatu alivichora vyote kwenye karatasi ya shule, kwa penseli, mwezi wa kwanza duara, wa pili msalaba, wa tatu nukta. Vilitawanyika kama mtama uliomwagika, lakini ule mmwagiko ulikuwa unatembea. Kadiri kiangazi kilivyokolea ndivyo ulivyosogea. Mwezi wa kwanza katikati yake palikuwa kilometa nne kutoka Luhembe. Mwezi wa pili, mbili na nusu. Mwezi wa tatu, chini ya moja.

Mrusho wa nne ulitangazwa kuwa Alhamisi, saa tisa alasiri, kusherehekea ukombozi wa kilima. Alhamisi ni siku ya gulio la Luhembe. Watu hutoka vijiji saba. Na katikati ya gulio, chini ya bati la kijani, Mama Ndelwa huuza ugali na maharage. Mama Ndelwa alikuwa mke wa Sekulamba kwa miaka ishirini na mitano.

*

Jumatatu alimwendea Tindwa na karatasi yake.

"Zungusha mtambo kushoto, ndugu yangu. Kidogo tu. Uzitoe gulioni."

Tindwa aliiangalia ramani muda mrefu. Alihesabu kwa vidole, akanung'unika namba. "Mara nne na nusu," alisema mwishowe. "Ukizungusha mara nne na nusu, upepo unaubeba mzigo mpaka pale pale kilimani kwa nyani. Lakini siwezi. Nikionekana nimezungusha, maana yake nimesema kuna upepo. Unajua aliyesema kuna upepo mara ya mwisho yuko wapi?"

"Wapi?"

"Basi, hakuna anayejua."

"Tindwa."

"Karatasi nimeshaishika kichwani, ondoka nayo. Na usiniambie kitu chochote ambacho nikiulizwa nitajibu. Mimi nikiulizwa hujibu. Ndivyo nilivyo."

Jumanne alimwendea Kanali.

"Nani alikuruhusu kuunganisha vigingi?" Kanali aliuliza, kwa upole uleule. "Kupiga vigingi ni kazi yako. Kuviunganisha ni kazi ya Wizara."

"Naomba tu zirushwe asubuhi, afande. Asubuhi ni... asubuhi ni tulivu."

"Tulivu kuliko nini?"

Sekulamba aliikunja karatasi yake.

"Saa tatu asubuhi Mheshimiwa anakunywa chai. Saa nne anasoma magazeti yaliyomwandika. Saa tano anayapinga. Haiwezekani."

"Basi gulio lihamishwe."

"Tukihamisha gulio tutakuwa tumesema roketi zetu zinaweza kufika gulioni."

"Zinaweza, afande."

"Zinaweza, lakini hatujasema." Kanali alifungua saraka, akatoa bunda la karatasi za rangi ya waridi. "Mimi si mtu mbaya, Sekulamba. Najua mkeo yuko pale. Chukua Hati mia mbili. Watie saini mapema, kusiwe na usumbufu baadaye. Watakaonusurika watazirudisha, tena zikiwa safi, tutazitumia pengine."

Sekulamba alizihesabu, kwa sababu amezoea kuhesabu. Zilikuwa mia moja tisini na nane.

*

Jumatano asubuhi Mama Ndelwa alikuwa amekaa mlangoni akichambua maharage.

"Kesho usiende gulioni."

"Na haya maharage debe mbili nimpikie nani? Waziri wako?"

"Nasema kweli, Mama Ndelwa."

"Na mimi nauliza kweli." Alitupa kijiwe uani. "Nikikaa hapa nyumbani, nitakuwa nimeponea? Nyamwalo alikuwa gulioni? Alikuwa kwake. Yule mama wa bondeni aliyeuawa na roketi alikuwa kwake, amelala. Nionyeshe hiyo karatasi yako."

Alimwonyesha. Aliigeuza, akaigeuza tena.

"Hizi zote ndiko zilikoanguka?"

"Zote."

"Na walikuwa wanalenga wapi?"

"Hapa. Kilimani."

"Mbona hapa hamna hata nukta?"

"Hazijawahi kufika."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Mama Ndelwa alirudi kwenye maharage yake. Alichambua kiganja kizima kabla hajasema. "Basi si twende tukapikie huko?"

Sekulamba alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu apewe ile kofia, na mke wake alimtupia ganda la haragwe. Halafu akaacha kucheka. Aliichukua karatasi akatafuta kosa kwenye hesabu hiyo. Hakuliona. Katika bonde zima, mwendo wa nusu siku kila upande, mahali pekee pasipo na kigingi palikuwa pale walipopalenga.

Mwenyekiti wa kijiji alikubali kabla hajamaliza kuelezwa. "Wakituuliza tutasema tumekwenda kuokota kuni," alisema. "Ila mdomo uwe mdomo. Wizara ikijua tumehamisha gulio, watatufunga wote, na mtu akifungwa halimi." Kwa hiyo hakuna aliyemwambia askari yeyote, na Sekulamba hakumwambia Tindwa. Tindwa mwenyewe alisema asiambiwe.

Alfajiri ya Alhamisi gulio lilipanda kilimani. Walipanda na vitenge, na nyanya, na cherehani ya fundi Mhando imebebwa mikononi kama maiti ya mtoto. Mbuzi walipanda wenyewe wakiwa na furaha. Mama Ndelwa alipanda na sufuria zake nne na bati la kijani. Sekulamba alimbebea bati mpaka chini ya kilima, kisha ikambidi aende kambini na bendera zake.

"Nikubakizie?" mkewe aliuliza.

"Nibakizie. Na usinipe yaliyogandia chini."

"Ya chini ndiyo ya mume," alisema, akapanda.

*

Kambini palipambwa. Kulikuwa na brasi bendi, turubai, viti vya kukodi na soda. Mkono wa chuma wa mtambo ulikuwa umefungwa utepe wa hariri wenye rangi za taifa, na askari wawili walisimama kuulinda utepe usiguswe mpaka Mheshimiwa aukate.

Mheshimiwa Waziri Katokile alisimama saa tisa kasoro robo, ameshiba.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Wako wanaosema silaha zetu ni kuukuu. Nawauliza: bibi yako ni kuukuu, utamtupa? Wako wanaosema silaha za kisasa zinaongozwa na mashine, zina macho, zinapita dirishani. Nawauliza: kitu kinachohitaji kuongozwa kina uhuru gani? Roketi zetu haziongozwi na mtu! Ni roketi huru, za taifa huru! Zinajiamulia zenyewe!"

Watu walipiga makofi. Maturubai nayo yalipiga, kwa sababu ya kile ambacho hakipo.

Tindwa alimpitia Sekulamba kwa nyuma, akisugua mikono na tambara la grisi. Alikuwa anatabasamu. Hakuwa mtu wa kutabasamu.

"Kaka Seku," alinong'ona. "Mkeo apike kwa amani. Nimezungusha asubuhi, kabla ya utepe. Mara nne na nusu, kama karatasi yako. Leo zinakwenda kwa nyani."

Sekulamba alisikia maneno hayo moja moja, kama mtu anayehesabiwa vigingi mkononi.

"Rudisha."

"Nini?"

"Rudisha, Tindwa. Watu wako kilimani. Gulio lote liko kilimani."

Tindwa aliacha kusugua mikono. Alitazama mkono wa chuma, akatazama utepe, akatazama askari wawili. "Utepe umeshafungwa," alisema. "Labda hazitafika. Hazijawahi kufika, kaka. Tangu nizaliwe kazini hazijawahi kufika."

Sekulamba alikwenda kwenye viti vya mbele. Hakukimbia, kwa sababu mtu akikimbia kuelekea kwa Waziri hupigwa risasi. Alitembea haraka, akainama kwenye sikio la Kanali Bwigane.

"Afande, simamisha. Kuna watu Kilima cha Mbwego."

"Kilima gani?"

"Cha Mbwego, afande."

"Kilifutwa."

"Kimefutwa lakini kina watu juu yake! Mke wangu yuko juu yake!"

Kanali alimtazama kwa huruma ya kweli. Alifungua jalada alilokuwa nalo magotini, maana hakwenda popote bila jalada, akalipekua mpaka karatasi ya kwanza kabisa. Akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho.

"Soma."

"Afande..."

"Soma, bwana. Mwandiko wa nani huu?"

"'Hakuna roketi iliyofika kilimani.'"

"Basi wasiwasi wa nini? Mimi ni nani nipinge vipimo vyako?"

Sekulamba alifungua mdomo apige kelele, na kelele aliipiga, lakini bendi ilikuwa imeanza wimbo wa taifa na watu walidhani anaimba. Mheshimiwa aliletewa mkasi juu ya mto wa zambarau. Aliukata utepe kwa mara ya pili. Mara ya kwanza mkasi haukuwa na makali.

Roketi zinapoondoka hazitoi mlio mmoja. Zinatoka moja moja, haraka, kama mtu mwenye hasira anayefunga milango ya nyumba ndefu. Sekulamba alisimama na bendera zake mkononi. Alikuwa ametumia miezi mitatu kuandika jinsi roketi zile zinavyokosea, na sasa aliomba zikosee. Aliomba kila moja ikosee. Aliomba bomba lililopinda lipinde zaidi, na baruti ya zamani iungue kwa mapozi.

Nyingine zilimsikia. Mbili hazikutoka kabisa. Moja ilikwenda mashariki, ambako hakuna aliyewahi kuirusha. Sita zilianguka gulioni Luhembe, ambako palikuwa na mbwa mmoja aliyelala, naye aliamka akahama. Nyingine zilianguka mashambani, mtoni, barabarani.

Halafu upepo ule ambao haupo uliushika mzigo na kuupeleka, kama Tindwa alivyohesabu kwa vidole.

Sekulamba alihesabu moshi kilimani. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Akangoja. Tano.

*

Alipanda na futikamba yake na mfuko wa vigingi, kwa sababu ndiyo kazi aliyokuwa ametumwa, na kwa sababu miguu haikujua njia nyingine. Tindwa alimfuata mpaka chini ya kilima, akakaa kwenye jiwe, akabaki hapo na tambara lake.

Sekulamba alipiga vigingi vitano. Kwenye sehemu ya umbali kutoka kwenye shabaha aliandika sifuri. Hakuwahi kuandika namba hiyo kabla. Alijaza Hati za wote waliopigwa, na kwa waliokuwa hawawezi kuweka dole aliweka lake.

Ijumaa alizipeleka. Kanali alizisoma zote moja moja, kisha akazirudisha.

"Siwezi kuzipokea. Mahali hapa hapapo." Alimwonyesha ramani. Ilikuwa kweli, palikuwa peupe. "Mtu hawezi kulengwa mahali ambapo hapapo. Na hawezi kufa hapo. Pole sana, lakini ndivyo ilivyo."

Usiku huo redio ilisema roketi thelathini na moja zimepiga shabaha thelathini na moja, mbili zimepumzishwa kwa heshima, na tatu hazikuonekana. Za kilimani zilikuwa tano, si tatu, lakini Sekulamba hakwenda kusahihisha. Mtambo ulipewa nishani. Tindwa aliulizwa kama alizungusha mkono wa chuma, na kwa kuwa akiulizwa hujibu, alijibu. Hakuonekana tena.

Hesabu ya kilimani ipo sehemu moja tu, nyuma ya ile karatasi ya shule, kwa penseli.

Watu kumi na tisa. Wanawake kumi na mmoja, wanaume watano, watoto watatu. Fundi Mhando na cherehani yake, wapo kwenye hesabu. Mwenyekiti wa kijiji yupo. Bibi Nyamwalo hayupo, alikataa kupanda mlima, alisema ameshalengwa mara moja inatosha.

Mbuzi wanane. Vitenge, mizigo miwili. Nyanya hazikuhesabika.

Sufuria nne. Tatu zimekunjamana. Moja imetoboka ubavuni, na maharage yaliyokuwa ndani yalikuwa yameiva. Pembeni yake kulikuwa na bakuli lililofunikwa kwa sahani. Halikuguswa. Yalikuwa ya juu, si ya chini.

Bati la kijani, moja.

Mwajabu binti Sempombe, mama yake Ndelwa, miaka arobaini na minne. Mmoja.